Faili Sitini na Tatu

Nyamira,
Jumapili, 11 Mei 2025

Dada Mokeira,

Natumaini barua hii itakufikia bila kulowa. Nimempa Nyangate, yule mama wa ndizi anayeshuka soko la Daraja Mbili kila Jumatatu na Alhamisi. Nimemwomba akukabidhi wewe mwenyewe mkononi. Najua utacheka kwamba binamu yako aliyesomea kompyuta miaka mitatu anaandika kwa kalamu. Simu yangu imeunganishwa na mtandao wa ofisi, na mimi najua jinsi ujumbe unavyoacha alama kila unapopita. Karatasi iko moja tu, na unaweza kuichoma.

Kazi ni nzuri. Huu ni mwezi wa tatu tangu niajiriwe karani wa kumbukumbu hapa hospitalini, na nikifika tarehe thelathini na moja bila lawama nitapewa mkataba wa miaka miwili. Tulikuwa na kadi za wagonjwa elfu tisa na ushee, nyingine zina umri kunishinda, na zote zimeingizwa kwenye kompyuta. Mimi nilipewa wiki sita za kuondoa zile zilizojirudia. Nilimaliza mapema mno, na Bwana Manasseh, mkuu wa idara yetu, akanisifu mbele ya watu.

Kwa hiyo nina nafasi ya kufikiria mambo madogo. Kwa nini simu inaniambia Nyamira kuna jua kali wakati mvua ya saa nane inanipiga mgongoni? Nadhani inauliza kituo kilicho mbali, huko chini ziwani, halafu inakisia. Inakisia bila hata chembe ya aibu. Na kwa nini katika ule mchezo wa kujenga mji ninaoucheza, watu hawazeeki? Nina mwokaji mikate aliyeutumikia mji wangu miaka mia moja na arobaini, na bado anabeba gunia la unga begani.

Wewe unaendesha chumba cha michezo, umeona mengi. Mtu akihifadhi mchezo wake juu ya mchezo wa mwenzake, ule wa kwanza unaweza kupatikana tena? Nauliza kwa udadisi tu.

Nduguyo,
Abner

*

Kisii,
Jumatatu, 12 Mei 2025

Sokoro wangu,

Ndiyo, nitaendelea kukuita babu. Una jina lake, una woga wake, na kwenye picha hata masikio ni yale yale.

Barua imefika ikinuka ndizi mbivu. Nyangate alisimama mlangoni kama askari, akakataa kumpa Mathew. "Nimeambiwa mkononi kwa mwenyewe, na wewe si mwenyewe!" Chumba kizima kikaacha kucheza kikamtazama. Kama ulitaka mambo yako yasijulikane, umetangaza Kisii nzima kwamba Mokeira ana siri.

Swali lako lina mfano hapa hapa. Mwezi uliopita Mwalimu Haron alihifadhi ligi yake juu ya ligi ya Mathew. Mathew ana boda boda, na ile timu alikuwa ameilea tangu Januari.

"Mwalimu, umeniulia timu!"

"Timu gani? Ilikuwa ya kumi na saba."

"Ilikuwa inapanda!"

"Ilikuwa inapanda kama wewe na pikipiki yako kilima cha Nyanchwa. Kwa kusukumwa."

Walikosana wiki mbili. Kilichotusaidia ni kwamba nilizima mashine mara moja, sikumruhusu mtu kuandika kitu kingine juu yake, kisha nikatafuta nakala ya zamani kwenye diski yangu ya pembeni. Ningewaacha waendelee kucheza, kingepotea hata kile kidogo kilichobaki. Ukiona umekosea, simama. Wengi huendelea kubonyeza wakidhani kosa litajirekebisha.

Basi nakala yako iko wapi? Hakuna mtu anayefunga bahasha kwa gundi mara mbili kwa ajili ya udadisi.

Mokeira

*

Nyamira,
Jumatano, 14 Mei 2025

Dada,

Asante kwa majibu. Si mimi, ni mwenzangu wa ofisini. Nitakueleza kisa chake kwa sababu kinafurahisha.

Mwenzangu huyo alichoka kulinganisha kadi kwa macho, akaandika programu fupi, mistari arobaini hivi. Aliiamuru hivi: ukiona faili mbili zenye jina moja, kijiji kimoja na tarehe ya kuzaliwa isiyopingana, zihesabu kuwa mtu mmoja, weka ile ya kwanza, futa ya pili. Ilimaliza kwa dakika nne. Faili sitini na tatu zikaondoka, ikabaki orodha ya majina yake tu. Siku zilizofuata akawa anacheza mchezo wa kompyuta kwenye mashine ya ofisi huku akijifanya analinganisha kadi.

Siku moja, kwa kupoteza wakati tu, akajitafuta kwenye mfumo. Akakuta amefariki mwaka 1998.

Unaona ilivyokuwa? Kadi za zamani nyingi hazina tarehe ya kuzaliwa, na programu ilisoma nafasi tupu kama tarehe isiyopingana na yoyote. Na kwetu, mzee akifa, mtoto anayefuata anapewa jina lake. Jina lile lile, boma lile lile. Waliotengeneza mfano ambao mwenzangu aliusoma mtandaoni labda wanatoka mahali ambapo mtu akifa jina lake linazikwa naye. Hapa jina linarudi nyumbani kabla matanga hayajaisha. Programu iliwakuta babu na mjukuu, ikamweka babu na kumfuta mjukuu.

Nakala ipo, lakini hutengenezwa kila Ijumaa kwenye diski ile ile, juu ya nakala ya Ijumaa iliyotangulia. Mwenzangu aliendesha programu tarehe 29 Aprili. Aligundua Ijumaa ya pili, nakala ikiwa imeshafunikwa.

Ni kisa cha kuchekesha. Tafadhali usimsimulie mtu.

Abner

*

Kisii,
Alhamisi, 15 Mei 2025

Sokoro,

Huyo mwenzako aliyefariki mwaka 1998, mwaka aliofariki babu yetu Abner Obwocha, mpe pole. Mwambie mazishi yake nilihudhuria nikiwa na miaka sita, na chakula kilikuwa kitamu.

Nimecheka hadi wateja wakageuka. Halafu nikaacha kucheka, nikasoma tena.

Mimi sikusomea kompyuta. Nilijifunza kwa kufungua mashine za watu na kuomba zikubali kufungika. Lakini najua kwamba mtu akipoteza mchezo wake, hapotezi jina tu. Anapoteza na alichokuwa amekusanya ndani. Sasa niambie, faili la hospitali lina nini ndani zaidi ya "hai" na "amefariki"? Mjukuu akifutwa, ni nini kingine kimefutwa pamoja naye?

Jibu hilo. Mvua na mwokaji mikate vitangoja.

Mokeira

*

Nyamira,
Jumapili, 18 Mei 2025

Dada Mokeira,

Ni mimi. Ulijua.

Ndani ya faili kuna magonjwa ambayo mtu amewahi kuugua, dawa anazotumia, na dawa ambazo mwili wake hauzitaki. Wajukuu sitini na watatu wamepoteza hayo yote. Wakija sasa, mfumo unawafungulia historia ya mtu aliyezikwa.

Nilidhani nitarekebisha taratibu bila mtu kujua, maana kadi zenyewe za karatasi bado zipo kwenye magunia stoo. Lakini Ijumaa Ashley wa mapokezi alinisimulia kitu huku anakunywa chai. Alisema Jumatano alikuja mwanamke anayeitwa Jemimah Nyanchoka kupanga upasuaji wa uvimbe tumboni. Mfumo ukakataa kumpokea kwa sababu amefariki. "Mimi nikamfufua," Ashley akaniambia. "Nilibonyeza tu pale kwenye 'amefariki' nikaweka 'hai'. Kompyuta zenu hizi, Abner, zinaua watu ovyo!" Akacheka. Nami nikacheka.

Dada, aliyefufuliwa ni nyanya yake. Jina lile lile, kijiji kile kile, na penye tarehe ya kuzaliwa hapana kitu. Kwenye sehemu ya mzio wa dawa faili la nyanya linasema "hakuna". Lakini kadi ya mjukuu niliiingiza mimi mwenyewe mwezi Machi, na ninakumbuka kwamba ilikuwa na mstari wa wino mwekundu kwenye sehemu hiyo. Wino naukumbuka. Maneno siyakumbuki. Kadi mia mbili kwa siku, vidole vinaandika na kichwa kiko kwingine.

Jana baada ya jua kutua nilipitia magunia yote. Nimepata kadi hamsini na nane. Tano hazipo, na yake ni mojawapo. Magunia matatu ya kwanza yalichomwa tarehe tisa. Yaliyobaki yatachomwa Ijumaa hii, tarehe 23.

Upasuaji ni Alhamisi, tarehe 22.

Nikimwambia Bwana Manasseh, itabidi nimweleze na programu ambayo sikuomba ruhusa kuiendesha, na siku zote zile za kucheza. Mkataba umekwisha hapo. Mama ameshawaambia kina mama wote kanisani kwamba nimepata kazi ya kudumu. Nimewaza labda nimwandikie daktari karatasi isiyo na jina. Nimewaza pia kuandika mwenyewe "mzio: haujulikani" na kunyamaza. Sijala vizuri tangu Ijumaa.

Ukishasoma choma.

Abner

*

Kisii,
Jumatatu, 19 Mei 2025

Abner,

Nyangate anarudi Nyamira saa nane, kwa hiyo naandika haraka.

Sijachoma barua yako. Nimeikunja nikaiweka kwenye sanduku la vyuma, na nitakwambia kwa nini.

Mwaka juzi niliunga soketi mwenyewe ili nisimngoje fundi. Kijana mmoja wa mtaani akaishika akarushwa hadi ukutani. Mkono wake wa kushoto ulikufa ganzi miezi mitatu. Watu walipouliza, nilisema ni stima ya mtaa imezidi nguvu. Kila mtu aliamini, maana stima ya mtaa husingiziwa kila siku. Mama yake hata alinishukuru kwa kumpeleka hospitali. Amenishukuru mara nne sasa. Nikimwona sokoni nazunguka upande wa mahindi.

Sijawahi kumwambia mtu. Sasa wewe una yangu nami nina yako.

Karatasi isiyo na jina itatupwa, unajua hivyo kwa sababu wewe ndiye unayetupa karatasi pale. Na "haujulikani" ni uongo wenye tai shingoni. Daktari ataiona, atamuuliza mgonjwa, mgonjwa aseme hajui, na kazi iendelee.

Mwambie Manasseh kesho asubuhi. Mwandikie, kwa sababu ukisema kwa mdomo utameza nusu. Anza na yule mwanamke, halafu magunia, halafu wewe. Usianze na wewe.

Mokeira

*

Nyamira,
Jumanne, 20 Mei 2025

Kwa: Mkuu wa Idara ya Kumbukumbu
Kutoka: Abner Obwocha, karani

Bwana Manasseh,

MINT: MGONJWA JEMIMAH NYANCHOKA NA FAILI NYINGINE 62

Mgonjwa Jemimah Nyanchoka atafanyiwa upasuaji keshokutwa kwa kutumia faili la marehemu nyanya yake. Kadi yake mwenyewe ilikuwa na onyo la dawa kwa wino mwekundu. Onyo hilo halimo tena kwenye mfumo, na kadi imechomwa. Faili halina namba yake ya simu. Dada Ashley anakumbuka tu kwamba alisema ni fundi wa nguo soko la Nyamarambe.

Ninaomba magunia yaliyopangwa kuchomwa Ijumaa yasichomwe. Ndani yake mna kadi 58 zinazohitajika ili kurudisha faili za watu walio hai zilizofutwa. Orodha nimeiambatisha.

Faili hizo zilifutwa na programu niliyoiandika na kuiendesha mimi tarehe 29 Aprili bila kuomba idhini. Sikulinganisha kadi kwa macho kama nilivyoagizwa. Muda uliobaki niliutumia kucheza mchezo wa kompyuta. Niligundua kosa tarehe 9 Mei na nimekaa nalo siku kumi na moja.

Wako mtiifu,
Abner Obwocha

(Majibu, chini ya karatasi ile ile, kwa mkono:)

Obwocha,

Magunia yameingia ofisini kwangu na ufunguo ninao mimi. Daktari nimemwambia. Amesema upasuaji utaahirishwa ikiwa hatutajua ni dawa gani, na uvimbe wenyewe haupendi kungojeshwa.

Kesho alfajiri nenda Nyamarambe umtafute. Usingoje afike hapa kitandani ndipo umuulize. Huenda hajui, na itabidi tuulize wengine.

Taarifa ya "kazi iliyokamilika" niliitia sahihi bila kufungua hata kadi moja. Hilo nimeliandika kwenye ripoti yangu. Lako nimeliandika pia. Tutazungumza tarehe 31.

Manasseh
20/5/25

*

Nyamira,
Jumatatu, 26 Mei 2025

Dada Mokeira,

Nisamehe, Jumatano nilipita Kisii mara mbili na sikuingia kwako. Asubuhi nilikuwa na haraka, na jioni nilikuwa na jibu mfukoni ambalo sikutaka kusimama nalo popote.

Nyamarambe nilifika saa nne. Niliuliza fundi wa nguo anayeitwa Nyanchoka, nikaonyeshwa kibanda chenye vyerehani viwili. Kimoja alikuwa nacho yeye, cha pili mwenzake, mama mmoja anayeitwa Mong'ina. Nilijitambulisha. Nilikuwa nimejifunza maneno njia nzima, lakini yalitoka yakiwa yamepinda.

"Wewe ndiye hospitali?" Nyanchoka akaniuliza. "Mdogo hivi?"

"Nimetoka idara ya kumbukumbu. Kuna kosa kwenye faili lako. Mfumo ulikuwa umeandika kwamba wewe, yaani nyanya yako, kwamba nyinyi wawili..."

"Anasema umekufa," Mong'ina akamtafsiria bila kuinua macho kwenye mshono. "Muulize kama marehemu anadaiwa sare za kwaya. Zinatakiwa Sabato."

Watu wa vibanda vya jirani wakasogea. Nikaeleza yote tangu mwanzo, pamoja na programu, mbele ya watu kama kumi na wawili na muuza nyanya. Nilitarajia atanitukana. Alisimamisha cherehani kwa kiganja, akanisikiliza hadi mwisho.

"Nilidungwa sindano nikiwa na miaka tisa, uso ukafura nikawa sioni," akasema. "Sindano gani sijui. Hospitalini wakiniuliza kama nina aleji, mimi husema muangalie kwenye kadi."

Muangalie kwenye kadi. Nilikaa kwenye kigoda cha wateja bila kukaribishwa.

Akampigia mama yake, akaweka sauti nje ili wote tusikie. Mama yake hajui kusoma. Nyanchoka aliniambia hilo kabla simu haijashikwa, kana kwamba ananiandaa kwa kukosa. Akamuuliza kwa Ekegusii ile sindano ilikuwa gani. Mama hakungoja hata amalize.

"Penisilini."

"Una hakika, mama?" nikauliza.

"Huyo ni nani?"

"Ni karani wa hospitali."

"Karani, yule nesi alinifanya niliseme hilo jina mara tatu. Nilipofika mlangoni akaniita nirudi, nikaliseme tena. Nikalisema njia nzima hadi nyumbani, hata mbuzi wakalizoea. Kila mwaka siku aliyofura nalisema. Wewe ulikuwa nalo?"

"Nilikuwa nalo, mama. Nilisahau."

"Uliliandika?"

"Ndiyo, niliandika."

"Basi ndiyo maana," akasema, akakata simu.

Mong'ina alicheka hadi akavunja sindano ya cherehani. Mimi nilimpigia Bwana Manasseh papo hapo, naye akanifanya nilitamke jina la dawa mara mbili. Daktari alipopata habari alisema dawa aliyokuwa amepanga kumpa kabla ya kisu ilikuwa ya ukoo huo huo. Akaandika nyingine.

Alhamisi sikwenda karibu na chumba cha upasuaji. Nilikaa stoo na magunia. Saa saba Ashley akaja akasimama mlangoni, na kwa mara ya kwanza hakuwa na utani. "Ameamka," akasema. "Anataka uji."

Tangu siku hiyo nawapigia simu wengine, mmoja mmoja, nikiwa na kadi mkononi. Si kazi rahisi. Jana nilimpigia Obadiah Nyamusi.

"Naomba kuzungumza na Obadiah Nyamusi."

"Yupi? Wa juu au wa chini?"

"Yule aliye hai."

"Ngoja nikamwangalie."

Nimefikia faili la ishirini na sita. Kadi nne zilizoungua bado sijui nitazifanyaje. Wawili wameniambia wenyewe, wawili sijawapata. Bwana Manasseh hakungoja tarehe 31. Ameniita leo asubuhi. Mkataba wa miaka miwili haupo tena. Nimepewa mwezi mmoja wa kumaliza hizi sitini na tatu, kwa macho, kisha nafasi itatangazwa upya na mimi naweza kuomba kama mtu mwingine yeyote. Mama nimemwambia mwenyewe. Aliniuliza kama yule mwanamke ana watoto. Nikasema wawili. Akaniongezea ugali.

Nyanchoka ameruhusiwa mchana huu. Alipita dirishani kwangu akitembea polepole, ameshika tumbo, mama yake kando akiwa amebeba beseni. Akaniambia nigeuze skrini aone. Si ruhusa, lakini faili ni lake, nikaigeuza. Akasoma jina lake, akasoma "hai", akasoma mstari wa penisilini niliouweka kwa rangi nyekundu. Mama yake akamwambia aurudie kwa sauti, akaurudia.

"Na nyanya?"

Nikafungua faili la pili. Jemimah Nyanchoka, amefariki, 1988. Akalisoma nalo. Nikamuuliza kama kuna kitu kingine angependa nirekebishe.

"Hapana. Sasa kila mtu yuko kwake." Akanyoosha mkono mwenyewe, akaisukuma skrini hadi ikanitazama mimi. "Endelea na kazi. Kuna watu nyuma yangu."

Nduguyo,
Abner